Kengele Imekulilia Nawe Uko Hai

Kisondela,
Tukuyu.
9 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile, umelalaje, mwanangu? Baridi ya Ujerumani imekuachia mifupa? Sisi tumeamka. Goti langu limegoma, ndizi zipo, ukungu hautoki. Anayeandika ni mwalimu Winfrida, mpangaji wetu. Nimemkataza kuninyooshea maneno.

Jumanne ya wiki iliyopita babu yako Ambindwile alikwenda kanisani akapiga kengele ya msiba. Watu wakatoka mashambani kuuliza nani amekufa. Akasema ni wewe. Wanawake wakaja uani kwangu wamejifunga vitenge, mikungu ya ndizi kichwani. Nikawaambia mtoto mzima, rudini. Wengine wakaendelea kulia, kwa kuwa walikuwa wameshaanza.

Mzee wa kanisa, Lugano, amefungua kamba ya kengele akaondoka nayo. Simlaumu. Lakini Kisondela nzima imeamka kwa mkono wa babu yako tangu mama yako hajazaliwa. Sasa anasimama pale chini, anapapasa hewa.

Ulipokuja kuaga ulinieleza saa mnazotunza huko: mvuke wa madini ndani ya kichupa cha kioo, mnaupiga mwanga, unaitikia kwa mapigo yale yale. Nikakuuliza, hauzeeki? Ukasema joto likibadilika, au kioo kikichakaa, saa inachepuka kidogo kidogo, na yenyewe haijui. Mpaka ilinganishwe na nyingine iliyo imara, ndipo irudishwe.

Ndivyo alivyo babu yako. Asubuhi namwambia Tusajigwe mzima, anacheka, anaomba chai. Mchana keshakuzika tena, analia kama mara ya kwanza. Juzi ulipopiga simu nilimwekea sikioni. Akanirudishia: "Mama, zima redio yako."

Kwa hiyo sauti haimrudishi. Anataka mkono wa kushika. Huenda utamrudisha siku mbili tu, kisha achepuke tena. Hizo mbili nazitaka. Daktari anasema moyo wake umechoka, mvua hazitamkuta. Usipokuja atakufa mfiwa, na wewe uko hai unapima mvuke.

Usiniletee kitenge. Lete uso.

Shangazi yako Tumpe anakusalimu, na Jacob wa Suma. Msalimie mumeo Prosper, mwambie akuruhusu au nimpigie mwenyewe. Mungu akutangulie njiani, akufungulie kila mlango.

Wako akupendaye hata anapokugombeza,
Bibi Tupokigwe

N.B. Winfrida akiwa anafunga bahasha, babu yako amepita akauliza barua inakwenda kwa nani. Nimemjibu, kwa Tusajigwe. Amevua kofia.