Seramu ya Mutuini

Peres. Peres, shika simu!

Basi soma. Niko kwa gari ya Macharia wangu, nje ya nyumba ya guka, babu yake, huko Mutuini, na nataka kutapika.

Cucu, nyanya yake, alinipikia nyama. Laini manze, hadi mifupa unatafuna. Nikaomba niongezwe. NILIOMBA niongezwe, Peres.

Kisha guka akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia maabara, tunafunza seli za binadamu kukua bila seramu, yale maji ya damu ya kulishia seli.

Meza yote ikacheka! Cucu akasema, "Bila seramu, na umemaliza sahani mbili?"

Nikadhani sijasikia vizuri.

Guka akanieleza huku akitabasamu. Miaka ya sabini alifanyia kazi wazungu wa maabara fulani huko mjini. Ng'ombe mwenye mimba akichinjwa, yeye anatoa ndama tumboni, anavuta damu kwa moyo, wazungu wanatoa seramu ya kulisha seli. "Damu ilienda mjini, mami, na ndama akakuja hapa." Tangu hapo kwao hiyo nyama inaitwa seramu. Na bado ana watu wake kichinjioni wanaomletea.

NDAMA HAJAZALIWA. Hata nyasi hajaona. Na nilitafuna mifupa!

Miaka mitatu naachisha seli hiyo kitu, leo nimeimeza mimi.

Macharia ananiambia nifurahi, cucu hapikii hiyo mtu hajamkubali. Nimekubaliwa, Peres. Kopo la kubeba liko mapajani, bado moto, na siku ya harusi ameahidi sufuria nzima.