Sisi Watatu wa Kifaransa

Jumatatu, 24 Desemba 2007

Zoezi la sita limekwisha. Sentensi kumi, sikukosa hata moja. Nimejisahihisha kwa majibu yaliyo nyuma ya kitabu, bila kuchungulia. Ukweli: nilichungulia ya saba.

Viwakilishi. Marie ananunua mkate, Marie anakula mkate, Marie anampa Paul mkate. Madam Nekesa, mwalimu wetu wa Kifaransa, anasema kuandika hivyo ni kama kwaya isiyojua ubeti wa pili. Taja jina mara moja, kisha weka kiwakilishi. Le. La. Lui. Mimi navipenda. Akinyi anavielewa lakini vinamchosha. Njeri havielewi kabisa.

Tuko watatu tu. Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alituita ofisini. Muhula ukianza kutakuwa na jaribio. Tukipita wote watatu, Kifaransa kitaendelea. Mmoja akianguka, somo linafungwa, na tutaanza Biashara katika Kidato cha Nne bila kuwa tumeisoma hata siku moja. Madam ameenda kwao Kakamega kwa Krismasi. Ametuachia kitabu kimoja. Kiko kwangu.

Jumapili, 30 Desemba

Matokeo ya uchaguzi wa rais yametangazwa. Kelele, halafu moshi. Mama amefunga kioski cha maji watu wakiwa bado kwenye foleni na mitungi yao. Hajawahi kufanya hivyo. Sisi ni Wakamba, kila upande unatuuliza tuko na nani. Mama anawajibu kwamba tuko na maji.

Naogopa. Kitabu kiko mapajani. Sisomi.

Jumatano, 2 Januari 2008

Nyumba ya kina Njeri kule mtaa wa Soweto West imechomwa. Walitoka na nguo walizovaa. Wako Kawangware, sehemu za Kabiro, kwa shangazi yake. Amenitumia ujumbe kwa simu ya huyo shangazi. Hana daftari hata moja la Kifaransa, nimwambie mwalimu mkuu kwamba yeye ameacha somo.

Niliusoma mara nne. Nikakasirika. Nikaona aibu, mtu amechomewa nyumba na mimi nafikiria jaribio. Kisha nikakasirika tena.

Sikumjibu. Sijui la kusema. Kuandika najua.

Jumamosi, 5 Januari

Nimeanza kumnakilia Njeri sura nzima ya viwakilishi kwa mkono. Kurasa kumi na nne. Vidole vinauma.

Nikiwa ukurasa wa tatu nimegundua kitu. Njeri huweka kiwakilishi mwisho wa sentensi, kama Kiingereza. Lakini sisi hatusemi hivyo! Tunasema ninamwona. Huyo "mw" yuko ndani, kabla ya kuona. Mfaransa naye humweka kabla: je la vois. Tofauti ni kwamba sisi tumemwingiza ndani ya kitenzi, yeye amemsimamisha mlangoni. Njeri anajua jambo hili tangu akiwa mtoto. Hajaambiwa tu kwamba analijua.

Hii haimo kitabuni. Madam hajawahi kuisema. Nimeiona mimi. Nilisimama na kuzunguka chumba, hatua tatu kwenda, tatu kurudi, maana ndipo kinapoishia. Mama akauliza kama nimeumwa na kitu.

Jumanne, 8 Januari

Nimekwenda Kabiro. Kwa miguu, asubuhi. Nilimwambia Mama nakwenda, sikumwomba ruhusa. Mara ya kwanza. Akanivua kitambaa cha rangi ya machungwa nilichofunga kichwani. Rangi ya chama cha upinzani. Sikuwa hata nimefikiria.

Karibu na Ngong Road vijana walikuwa wameweka mawe barabarani. Wakaniuliza mimi ni wa wapi. Sauti ilikataa kutoka. Mmoja akachukua daftari nililobeba, akafungua, akaliangalia juu chini.

"Hii ni lugha ya nani?"

Nikasema ni Kifaransa.

"Ebu ongea tuskie."

Kitu pekee kilichokuja kichwani ni mpangilio wa viwakilishi. Nikaukariri wote macho yakiwa chini: me, te, se, nous, vous, le, la, les, lui, leur, y, en. Wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya jiwe. Akasema, "Wacheni profesa apite, atatuitia Wafaransa." Nikapita.

Njeri amekonda. Wako tisa katika chumba kimoja. Tulikaa nje kwenye ndoo mbili zilizofunikwa. Daftari lililopona ni moja tu, la Hisabati, lilikuwa kwenye mfuko wa dadake. Kona ya jalada imekatwa kwa wembe. Mama yake alikata jina, maana linaonyesha kabila. Amewaambia watoto wasiandike jina la baba yao mahali popote mpaka mambo yatulie.

Nilimweleza habari ya ninamwona. Alikunja uso. Akaandika moja, akaandika ya pili. Ya tatu aliandika bila kuniangalia. Shangazi yake akapita na karai la nguo, akauliza kama hayo ndiyo yatakayowajengea nyumba. Njeri akamjibu, "Ngoja kwanza, auntie, nimeshika." Nimeyabeba maneno hayo mpaka nyumbani.

Akasema atafanya jaribio. Nimefundisha mtu. Mimi, ambaye darasani huwa nainua mkono nusu tu.

Ijumaa, 18 Januari

Jana kaka yake Akinyi alipigwa risasi mguuni na polisi. Alikuwa ametumwa mafuta ya taa tu. Wanaishi mlango wa tatu kutoka kwetu, nilimsikia mama yao akilia.

Leo nilimpelekea Akinyi chai. Hakuinywa. Akasema jaribio hafanyi kama yule wa Kawangware atakuwepo. Watu wao wamekula serikali, watu wetu wanapigwa, halafu tukae dawati moja kusoma bonjour.

Siku hizi huku mtaani kwetu Mashimoni hakuna anayetaja mtu kwa jina. Ni wale, hao, yule. Kitabuni kiwakilishi ni cha kuepuka kurudiarudia. Huku ni cha kumwepuka mtu.

Nilitaka kuondoka kimya kama kawaida yangu. Sikuondoka. Nikamwambia Njeri hana serikali, hana bunduki, na sasa hana hata kitanda. Nikamwambia asipofanya jaribio atakuwa amejifungia mlango yeye mwenyewe, na mimi pamoja naye.

Akinyi alisema, "Toka, Mutheu."

Nikatoka.

Ijumaa, 25 Januari

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Jaribio leo. Madam hajarudi, barabara haipitiki. Karatasi alikuwa ameziacha kwenye bahasha, karani wa ofisi akatugawia na kutuacha peke yetu.

Njeri alikuja, viatu vya shangazi, vikubwa. Akinyi alikuja dakika ya mwisho. Akakaa nyuma ya Njeri, si kwa kupenda, viti vilivyowekwa vilikuwa vitatu tu. Hawakusalimiana.

Swali la mwisho lilitaka viwakilishi viwili katika sentensi moja. Elle le lui donne: anampa Paul mkate, bila kutaja Paul wala mkate. Raha. Nimemaliza mapema.

Alhamisi, 31 Januari

Njeri hakuja leo. Kawangware kumechafuka tena.

Mwalimu mkuu alituita mimi na Akinyi. Karatasi zimesahihishwa na mwalimu wa shule jirani. Yangu, kumi na tisa kwa ishirini. Ya Akinyi, kumi na tano. Ya tatu imepata kumi na mbili, imepita, lakini haina jina. Shuleni kwetu karatasi isiyo na jina haihesabiwi. Tangu zamani, kwa kila mtu. Kwa hiyo waliofanya ni wawili, na Kifaransa kimefungwa.

Nilielewa papo hapo. Njeri alikuwa amemtii mama yake. Nikaeleza habari ya mama yake na wembe. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Mwalimu mkuu akasema mimi ni rafiki yake, ningesema lolote. Akamgeukia Akinyi. Akamuuliza karatasi hii ni ya nani.

Akinyi alitazama dirisha. Nilijua ana kila sababu ya kunyamaza. Kaka yake bado yuko hospitali. Nilihesabu vitabu kwenye rafu, nikafika ishirini na moja.

"Ni ya Njeri Kamau, Mwalimu. Nilikuwa nyuma yake. Aliandika mpaka kengele."

Mwalimu mkuu akaivuta karatasi. Akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika jina juu. Akatuambia twende darasani, Kifaransa kinaendelea.

Huko nje nilimshukuru Akinyi. Akasema hakufanya kwa ajili ya Njeri, wala yangu. Hawezi kudanganya kuhusu karatasi, basi. Ninamwamini. Nadhani ni bora hivyo.

Kumi na mbili kwa ishirini. Njeri muhula uliopita alipata tatu. Najivunia. Nimejaribu kutafuta neno la unyenyekevu zaidi na sikuliona. Najivunia mkono wangu uliouma, na Njeri, na hata Akinyi, ambaye hataki kujivuniwa.

Jumatatu, 3 Machi

Madam Nekesa amerudi. Amekonda pia. Ameandika tarehe ubaoni kwa Kifaransa kana kwamba alituacha jana.

Akauliza nani alimfundisha Njeri viwakilishi. Njeri akaninyooshea kidole. Madam akatabasamu. Alinipa chaki, niende nikaeleze la ninamwona ili na yeye alisikie. Nilieleza. Maandishi yangu yalipanda juu upande wa kulia. Sauti ilitoka.

Kitabu bado ni kimoja. Njeri na Akinyi hawaongei, ila kwa kitabu: sogeza, ngoja, bado. Mimi nimekaa katikati. Nageuza ukurasa wote wawili wakishamaliza kusoma.