Mtetea Aliyefungiwa kama Mwari

Jumatatu, 3 Mfunguo Tano, 1381 Hijria

Ulikuwa wapi, bibi wewe? Mwezi mzima hukushika kalamu. Mende wamekula pembe za daftari. Shule hukupelekwa, herufi hizi za chuo cha Kurani ndizo pekee ulizo nazo, nazo wazitupa! Haya, andika. Ukijasoma mwenyewe, uone haya.

Nimefagia ua. Nimekuna nazi. Machicha nimempa mtetea. Zaina, mjukuu wangu, yu chumbani na mtoto wake, wiki mbili sasa tangu kujifungua. Arobaini yake bado mbali. Kila asubuhi namchemshia yai. Mtetea huyu nilimnunua kwa ajili ya uzazi huo, na tangu aanze kutaga nimemfungia tengani, kicheche asimwone. Anakula wali. Hakuna kuku Likoni nzima anayekula kama yeye.

Yai la leo ganda laini, labonyea kama ngozi. Zaina amelila hivyo hivyo.

Jumatano, 5

Mtetea haendi. Nimefunua tenga, amelala ubavu, miguu kaitupa nyuma kama chura. Jana alikuwa mzima! Nimepapasa mifupa: haikuvunjika. Nimepapasa tumbo: hakuna yai lililokwama. Nimemsimamisha, ameanguka. Nimemsimamisha tena. Mjinga mimi, kama kwamba ananifanyia kiburi.

Mishi, jirani, amechungulia uani. Ati ni jicho la hasidi. "Nawe wamsifu kuku kama mkwe!" Nimefukiza ubani. Moshi umenitoa machozi mimi. Kuku hata chafya.

Alhamisi, 6

Mafuta ya nazi na karafuu, nimemsugua mapaja asubuhi na jioni. Hapana kitu. Nina hasira na kila mwenye miguu.

Mwanangu Salimu amenoa kisu. Anasema akifa mwenyewe ni mzoga, hana faida kwa mtu. Achinjwe leo, Zaina apate supu. Sheria naijua, sifundishwi na mtoto niliyempangusa makamasi. Lakini kuku anakula! Jicho lake zima, laniangalia. "Mama, huyo ni kuku," asema. Najua ni kuku. Nimemwambia angoje kesho baada ya sala. Nami sina dawa. Na kesho haiko mbali.

Ijumaa, 7

Wanaume wametoka msikitini, wakaketi barazani kupigana maneno: Mwambao utakuwa wa nani Mwingereza akiondoka. Nchi nzima wanaitibu. Kuku mmoja hakuna amjuaye.

Salimu kaja na kisu. Nimempakata kuku, nimemfunika kanga. Hapo akaingia Kadzo, Mgiriama anayetuletea mihogo. Ametua kapu, amemshika kuku miguu, akauliza kama anaparura mchanga. Mchanga wa nini, namlisha wali! Amecheka mpaka akakaa chini. "Kuku si mwari, bibi, umfungie ndani umnenepeshe! Maganda ya mayai yake yatoka wapi? Kwenye mifupa yake mwenyewe. Umemla miguu."

Umemla miguu.

Na maganda yote nilikuwa nayafukia mbali, kama tulivyofunzwa, asijue utamu wa yai akaanza kula yake. Kadzo anasema yakaangwe, yatwangwe yawe unga pamoja na makombe ya pwani, hatayajua; na kuku atolewe juani.

Salimu amerudisha kisu. Siku tatu, asema.

Jumamosi, 8

Nimeshuka pwani na goti langu hili, nimeokota makombe. Nimeyatwanga pamoja na maganda, nimechanganya na pumba. Nimemlaza juani. Amekula. Hakusimama.

Jumapili, 9

Hakusimama. Kutaga pia ameacha, heri apumzike. Mishi amemletea Zaina mayai mawili, habari ya jicho ameisahau. Salimu anapita, anatazama, anahesabu siku kwa vidole.

Jumatatu, 10

Siku ya tatu. Mtetea kasimama mguu mmoja, akayumba, akaanguka. Nimepiga ukelele Salimu aje aone. Alipofika kuku yu chini. Amedhani nasema uongo. Nimelia mbele ya mwanangu, mwanamke mzima, kwa ajili ya kuku. Nilimdhulumu mimi, kwa mapenzi, hilo ndilo linaloniuma.

Kisha akasimama tena. Miguu yote miwili. Salimu kamwona. Amekaa nami uani hata adhana, kisu hakukitaja.

Alhamisi, 13

Anatembea. Anachechemea, lakini anatembea. Amekwenda hadi mgombani, akaparura.

Zaina alipotoka kuoga nimemtazama miguu. Imevimba, imepauka. Wiki tatu na ushei chumbani, uji na giza. Nimemtandikia mkeka mlangoni, yeye na mtoto. Mishi atasema mzazi hatolewi kabla ya arobaini. Na aseme.

Zaina amenyosha miguu. Jua limewafika vifundoni.

Ukirudi kuandika, bibi wewe, kaa hapa nao. Mkeka uutandike mapema. Jua la saa tatu halingoji mtu.