Saa Aliyoiweka Fidel

S.L.P. 61,
Ifakara.
14 Juni 1998.

Mpendwa dada Wilhelmina,

Shikamoo dada. Huko Ujerumani mnaendeleaje, wewe na shemeji? Huku tu wazima. Miguu ya mama inamsumbua, ila Jumapili alikwenda Misa kwa miguu yake mwenyewe.

Dada, nimefukuzwa kazi. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa ndugu zetu wa Mlimba.

Unakumbuka disketi ulizonitumia, zenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta? Kwa mistari arobaini tu niliviamuru vipimajoto vyote vya mradi wa mpunga: kompyuta inasoma kimoja kimoja, inaandika joto na saa, kisha inachora mchoro. Programu ya zamani, ukitaka kubadili kitu kidogo, ulimsubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Yangu niliibadili chai haijapoa. Nilijiona mtu!

Basi mwezi uliopita mchoro ukaonyesha jua la Ifakara linachoma kuliko wakati wote saa mbili asubuhi. Mkuu wetu, Dokta Nazari, akacheka mbele ya wageni, akasema hiyo ni lugha ya kuchezea watoto. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kuachishwa.

Nikapekua daftari la zamu, nikaona. Betri ya saa ya kompyuta imekufa, umeme ukirudi lazima mtu aandike saa. Fidel, anayefungua ofisi, aliandika moja, maana ilikuwa saa moja asubuhi kama tunavyohesabu sote. Kompyuta ikaelewa saa saba usiku, na joto la saa nane mchana ikaliandika saa mbili asubuhi. Ni kuongeza saa sita tu, dada, mstari mmoja! Nilikwenda kumweleza Dokta, hakunipa hata kiti.

"Mashine mpya inakuja na programu yake," akasema. "Wewe nenda kalime."

Nalima. Roho inaniuma, dada, sikufichi.

Jana nilipita ofisini kuchukua cheti changu. Mashine yao mpya iko mezani, programu yake hakuna anayeweza kuifungua akairekebisha. Saa yake aliiweka Fidel, kaniambia mwenyewe kwa fahari. Ukutani wamebandika mchoro wa kuwapelekea wafadhili: joto kali, saa mbili asubuhi.

Nikachukua cheti changu, nikaaga.

Kama nimekosea kunyamaza, niandikie. Ila usiniandikie upesi, mchoro uwafikie wafadhili kwanza.

Nisalimie shemeji Deogratias na mpwa wangu Kandida. Mama anawabariki, anasema Mungu awatunze huko ugenini.

Mdogo wako akupendaye daima,
Amedeus