Shemeji alivyoinyamazisha kompyuta ya dada

Wewe, acha unachofanya usome hii. Shemeji kaja na ujuaji wake tena!

Unajua dada haoni, kompyuta ndiyo inamsomea kila kitu kilichopo kwenye skrini. Ikiwaka tu, ile sauti inaanza yenyewe.

Sasa jana mumewe kaamua kompyuta ni nzito. Kaingia kwenye mipangilio, kazima programu zote zinazojiwasha, huku anapiga mluzi kama fundi wa kweli. Hakumuuliza mtu!

Leo asubuhi dada kaketi, wanafunzi wake wa mtandaoni wanasubiri somo. Kawasha. Kimya. Kazima, kawasha tena. Kimya! Akajua kompyuta ndiyo imekufa hivyo.

Mara huyo mwanaume katokea na kikombe cha chai, kifua mbele. "Inawaka haraka sasa, eh? Nishukuru."

Eti ashukuriwe!

Dada kamuuliza, "Sauti yangu iko wapi?"

"Tulia, mke wangu, sijafuta kitu. Nimeizima tu isijiwashe. Ipo palepale, utaiwasha mwenyewe ukiihitaji."

UKIIHITAJI. Huyu mtu kwani kaoa juzi?

"Naiwashia wapi?"

Na hapo, haki ya Mungu, nimesimama mlangoni naona kwa macho yangu, mtaalamu wetu kanyoosha kidole kwenye skrini. "Si hapo!"

Dada kainuka taratibu, kamsogezea kiti.

"Kaa. Wanafunzi wanasubiri. Leo unafundisha wewe."