Mkwe Anayekohoa Mlangoni

Ingleburn, Sydney
Oktoba 2021

Kwako Yaya Akilimali, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Mko wazima hapo Bukavu? Shemeji na watoto je? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, na Mama ameanza tena kunigombeza juu ya chumvi ya sombe, kisamvu chetu, basi ujue amepona.

Leo nataka nikuambie habari za mume wangu Balagizi, yule uliyesema mcheza mpira hawezi kutunza nyumba. Alikuwa kipa wa timu ya chuo cha jamii, na hadi leo watu wetu wakimkuta stesheni wanamwita Kipa. Goti likamwangusha, daktari akamkataza kubeba kizito, sasa anaendesha foklifti ya kunyanyua mizigo ghalani wala hanung'uniki. Kweli sijaona mtu wa subira kama yule.

Fikiria, lokdauni yote tumefungiwa ghorofa ya tatu, yeye na mama mkwe wake! Heshima ya kwetu unaijua: hampi mkono, hamtazami usoni, wala hakai naye meza moja. Baridi yote alikula kwenye baraza, sahani mapajani. Akitaka kupita kwenda chooni, anakohoa kwanza ili Mama ajifunike na kugeuka. Kumbe jirani anasikia kikohozi kutwa nzima! Akatushtaki kwa mwenye nyumba kwamba tunaficha korona. Tangu hapo Balagizi akawa anapiga mluzi kama refa, na Mama anacheka mpaka machozi.

Halafu korona ikaja kweli, ikampata Mama. Asubuhi moja pumzi ikaanza kumkatika. Tukapiga simu, tukaambiwa ambulensi zimelemewa, tusubiri. Na lifti ilikuwa mbovu. Mama alipotoka hospitali alisema watu wa ambulensi walimbeba vizuri sana, nawe ukawaombea baraka kwenye simu. Sisi tukaitikia amina.

Yaya, hapakuwa na ambulensi. Aliyembeba ni Balagizi, Mama akiwa amefumba macho tukidhani amezimia. Alisimama mlangoni, akaniomba nimfunge Mama kitenge mwili mzima ili mikono yake isimguse, kisha akamshusha mgongoni ngazi zote hadi kwenye gari letu, tukamkimbiza hospitali. Sasa anachechemea tena. Alinikataza kusema, akiogopa Mama ataona amevunjiwa heshima na atahama kwetu.

Jana Mama akaniagiza nyuzi za kijani na njano, rangi za jezi ile ya chuo, afume skafu. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya yule mtu wa ambulensi ambaye goti lake lilikuwa linalia kila ngazi. Kisha akaniambia taratibu kwamba siku ile hakuwa amezimia. Alifumba macho makusudi, ili mkwe wake asione haya.

Nililia, Yaya, nikalia pale jikoni kama mtoto.

Basi ukipiga simu Jumapili, tafadhali usimshukuru Balagizi, utawaharibia yeye na Mama. Ongea naye tu kama mdogo wako, na umwite Kipa.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Shemeji Thacienne, asichoke kutukumbuka katika sala.

Ni mimi mdogo wako,
Chibalonza