Konokono Aliyegombana na Mkewe

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja wangu, mlango nimeuegesha, maana Ijumaa inakuja na sina pa kuuficha uso wangu. Mimi ni kinyozi, na vinyozi unatujua, mteja akiuliza swali lolote, iwe la mpira au la figo, hatuwezi kusema sijui, tutasema tu kitu na mtu ataondoka ameridhika, na kwa miaka kumi na miwili sikuona ubaya wowote mpaka binti yangu alipoingia darasa la pili.

Huyu binti anasoma, Shangazi, anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, wageni wakija tunamsimamisha na gazeti wanapiga makofi, basi mwalimu wake akaanza kuwapa vitabu vya mambo ya kweli, vya wadudu na mvua na mifupa, na kila jioni anakuja na kitabu kibandani kwangu, anatazama picha, ananiuliza, "Baba, kwa nini popo analala kichwa chini?" na mimi huku nanyoa kisogo cha mtu namjibu bila kugeuka, "Anasubiri damu ishuke kwenye meno," naye anafunga kitabu, tumemaliza. Konokono nikamwambia anaingia ndani ya gamba kwa sababu amegombana na mkewe. Wateja walicheka sana, nikajiona baba bora.

Wiki iliyopita wakapewa mtihani, ukurasa mzima unaeleza kwamba konokono hujificha jua likiwa kali ili asikauke, akausoma wote kwa sauti bila kukwama, kisha walipouliza kwa nini hujificha akaandika amegombana na mkewe, na maswali mengine ni hivyo hivyo. Nikaitwa ofisi ya walimu, mwalimu akamuuliza nani kakufundisha haya, mtoto akasema "Baba," tena kwa fahari, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema hapana mwalimu, hayo atakuwa ameyatoa kwa mjomba wake. Mjomba wake ni kaka wa mke wangu, dereva wa lori, mtu mpole, hata mjini hakuwepo. Mtoto aliniangalia tu. Sasa mke wangu haongei na mimi, hilo nimelizoea, linaloniuma ni huyu mdogo, tangu siku ile hajaniuliza swali hata moja, na vitabu vyenyewe havifungui tena.

Ijumaa mwalimu anataka nikae darasani, mtoto asome ukurasa wa popo na ajibu maswali mbele yangu, akishindwa anarudishwa darasa la kwanza. Nimewaza nimbembeleze mwalimu anipe maswali mapema nimkaririshe mtoto majibu, maana kichwa anacho. Unasemaje?

Kinyozi Mjuaji

SHANGAZI ANAJIBU

Baba wa watu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mara ya pili nilifika pale mtoto alipokuangalia, kicheko kikakauka.

Umemsingizia shemeji yako, tena mpole, kwa ajili ya konokono! Hata haya huna. Najua, wengi tumekuzwa tukiamini kwamba mzazi akisema sijui ni kama amevuliwa nguo, kwa hiyo sikulaumu peke yako. Lakini hilo wazo la kukaririsha lifute kabisa. Mtoto ameshazoea kwamba majibu yanatoka mdomoni mwa mtu mzima na kitabu ni cha kupazia sauti tu. Wewe unataka kumwongezea dozi ya ugonjwa ule ule.

Anza leo. Mwite mtoto, mama yake asikie, umwambie: mimi ndiye niliyekudanganya, na kule ofisini nikadanganya tena. Ishia hapo, usiongeze "lakini". Kisha mpigie shemeji. Mwalimu naye umwambie Ijumaa kabla mtoto hajafungua kitabu.

Halafu shikeni kitabu cha popo, wateja wasubiri. Kabla hamjasoma, kila mmoja aseme anachodhani, na wewe sema huo upuuzi wako wa meno. Tazameni picha pamoja na yale maandishi madogo chini yake, ambayo nina hakika hujawahi kuyaona. Asome mistari mitatu minne, si ukurasa mzima kwa mbio, afunge, akueleze kwa maneno yake kama anamweleza mtu asiyejua kitu. Hutahitaji kuigiza. Kila anachosema muulize, "Wamesema wapi?" na aweke kidole pale pale. Akikosa arudi kusoma, wewe mdomo umefungwa. Neno likiwa gumu, asome sentensi ya kabla na ya baada, mkisie, na mkishindwa amwulize mwalimu. Naye akuulize wewe vile vile. Utakosea sana, mwache afurahi.

Wala si lazima kiwe kitabu. Kuna karatasi ya maelekezo iliyokuja na mashine yako ya kunyolea, na naapa hujaisoma. Mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, binti akusomee jinsi ya kuitia mafuta na wewe ufanye kile alichosema tu, hatua kwa hatua. Akiruka mstari mtajua wenyewe.

Ijumaa anaweza kushindwa, sitakuficha. Siku chache hazifuti mazoea ya mwaka mzima. Akirudishwa, usimfokee mwalimu wala usitafute mjomba mwingine. Endeleeni kila jioni, kurasa mbili zinatosha.

Na iko siku kibanda kitakuwa kimejaa, utakuwa unawaeleza watu jambo usilolijua, naye atauliza mbele ya wote, "Baba, hayo wamesema wapi?" Watu watacheka, damu itakupanda, utatamani kumkaripia. Usithubutu. Ulishamkana mara moja mbele ya mwalimu wake, ukimnyamazisha mbele ya wateja hatauliza tena, si kwako wala kwa kitabu. Mwambie hujui, umsogezee kiti, mtafute jibu pamoja.